Wauza dawa watuulize kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu juu ya dawa ambazo kila moja ni njema, lakini zikikutana mwilini zaweza kumharibu mtu misuli.

Wazee wetu wengi wanaohudhuria kliniki ya presha na kisukari hupewa pia vidonge vya kupunguza lehemu, yaani mafuta katika damu, kama simvastatini na atovastatini. Humezwa kila siku, mwaka hadi mwaka, mpaka mtu anasahau kuwa ni dawa. Akishikwa na kikohozi anakwenda dukani kununua antibayotiki. Akiuziwa erithromaisini au klarithromaisini, hapo ndipo penye hatari. Ini lina kimeng'enya kinachovunja simvastatini isizidi katika damu, na antibayotiki hizo mbili hukizuia. Mgonjwa anameza kidonge kimoja kama kawaida, lakini dawa inalundikana kana kwamba amemeza vingi. Misuli huuma na kulegea, na hali ikizidi hubomoka. Mabaki yake huingia katika damu na kuumiza figo, na mkojo hugeuka rangi kama chai ya rangi. Hata maji ya balungi, ambayo wengine huyasifu eti yanakata mafuta, hukizuia kimeng'enya hicho.

Sisemi hutokea kila siku, ni nadra. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa wazee wanaotumia vidonge hivi waliopewa antibayotiki hizo mbili walilazwa kwa kuharibika misuli karibu mara 2 ya wale waliopewa azithromaisini, ingawa idadi yao ilikuwa ndogo. Wenzetu wale wana kumbukumbu za kila dawa iliyotolewa. Hapa Ibadakuli mtu akilalamika mapaja yanamuuma, ataambiwa ni jembe la juzi. Kule Geita mchimbaji atasema ni kazi ya duarani. Kisha atarudi dukani kununua diklofenaki ya kutuliza maumivu, nayo ni dawa inayoelemea figo. Kwa sisi tunaoishi kwa nguvu za mikono, dalili hii hujificha vizuri mno.

Ninacholalamikia ni kwamba hatuulizwi. Mtu anataja ugonjwa, anapewa dawa, analipa, anaondoka. Na hata angeulizwa angejibu nini? Bahasha ya vidonge mara nyingi imeandikwa 1 × 1 tu, bila jina la dawa. Likiandikwa kwa herufi zinazosomeka, mwanafunzi wangu wa darasa la 4 ataweza kumsomea babu yake.

Wazee wasijiachishe vidonge hivyo wenyewe, maana vinawakinga na kiharusi na ugonjwa wa moyo. Waende na bahasha zao kwa daktari au mfamasia, ambaye anaweza kuchagua antibayotiki nyingine, au kusimamisha kidonge cha lehemu kwa siku chache za dozi.

Naliomba Baraza la Famasi, linalosimamia maduka ya dawa, liagize kila muuzaji aulize, "Unatumia dawa gani nyingine?" kabla hajafungua kopo, na hospitali zetu ziandike jina la dawa juu ya kila bahasha.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ibadakuli,
Shinyanga.