Barakoa Isomeke Waziwazi

Chukua safu ya alama: 72, 28, 55, 19, 64. Unataka kila alama iliyo chini ya 30 iwe 0. Kwa mzunguko wa kawaida utazipitia moja moja. Lugha zenye oparesheni za vekta hulinganisha safu nzima kwa mkupuo: alama < 30 hutoa si kweli, kweli, si kweli, kweli, si kweli. Safu hiyo ndiyo barakoa. Penye kweli, thamani hubadilishwa, pengine huachwa.

Ubishi uko kwenye sintaksia. Fortran 90 huandika WHERE (alama < 30) alama = 0. NumPy, maktaba ya Python, huandika alama[alama < 30] = 0. Hii ya pili ni fupi, na wengi huisifu kwa hilo. Mimi naipa Fortran ushindi. Neno WHERE humwambia msomaji mapema kwamba pana sharti, na ELSEWHERE hushughulikia zilizobaki. Mabano ya NumPy ni yale yale ya kuchukua kipengele kimoja, alama[2]. Kazi mbili, vazi moja!

Masharti yakiwa mawili, mambo huharibika zaidi. Mtahiniwa huandika alama > 40 & alama < 60, programu inagoma, kwa sababu ishara & hufanyiwa kazi kabla ya ulinganisho: 40 & alama hutangulia. Ni lazima aandike (alama > 40) & (alama < 60). Akijaribu neno and, ambalo ndilo la kawaida katika Python, anakataliwa pia.