Maarifa ya wazee wa visiwani yasiwe kisingizio cha kutolipa

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika hatuhitaji kufundishwa jinsi maji yanavyopanda. Hapa Kalemie, mwaka 2021 na tena 2024, ziwa liliingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Watu walibeba magodoro kichwani, maduka ya kando ya maji yakafungwa, na wavuvi wakafunga mitumbwi mahali ambapo zamani watoto walikuwa wakicheza mpira. Siku zile mzee mmoja jirani yangu, mvuvi tangu ujana wake, aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Sisi tulijua. Baba zetu hawakujenga pale chini. Lakini kujua hakununui kiwanja kingine."

Nimeyakumbuka maneno hayo nikifuatilia habari za nchi ndogo za visiwa, zile ambazo bahari inazila polepole. Katika kila mkutano wa kimataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi siku hizi, utasikia wakubwa wakisifu "maarifa ya wenyeji". Wanasema wazee wa visiwani wana hekima, wanajua bahari, wanajua upepo, tujifunze kwao. Ni kweli kabisa. Lakini nina wasiwasi na sifa hizo zinapotoka mdomoni mwa mtu ambaye hataki kufungua mfuko wake. Maoni yangu ni haya: maarifa ya wenyeji yanaokoa roho za watu, lakini hayawezi kulipa deni ambalo wengine walilifanya. Yasitumiwe kama kisingizio cha kutolipa.

Nianze na upande wa hekima, maana wapo wanaodhani ni hadithi tu za mababu.

Kuna kisiwa kidogo kinaitwa Tikopia, katika nchi ya Visiwa vya Solomon, Bahari ya Pasifiki. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 5, na wenyeji ni watu elfu moja na kidogo. Mwishoni mwa Desemba 2002, tufani iliyoitwa Zoe, moja ya kali sana kuwahi kupimwa katika eneo hilo, ilipita juu yao. Mawasiliano yalikatika. Siku zikapita bila habari, na huko nje watu wakaanza kuhofia kwamba pengine kisiwa kizima kimekwisha. Walipofikiwa, ilionekana kwamba nyumba zimevunjika na mashamba yameharibika, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyekufa. Watu walikuwa wameziona dalili, wakapanda juu na kujificha kwenye mapango na chini ya miamba, kama wakubwa wao walivyowafundisha.

Wanajua pia kuweka akiba. Wana tunda linaloitwa shelisheli, lenye wanga mwingi. Wanalichachusha na kulizika ardhini katika mashimo yaliyofunikwa kwa majani, na linakaa muda mrefu bila kuharibika. Wanaliita masi. Sisi tunaolowesha muhogo tunaelewa vizuri akili hiyo: chakula kinachochachuka vizuri kinangoja siku ya shida.

Vanuatu nayo ilipigwa na tufani Pam mwezi wa 3, mwaka 2015. Rais wake wa wakati ule, Baldwin Lonsdale, alikuwa Sendai, Japani, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa uliozungumzia namna ya kupunguza hatari za maafa. Wakati akizungumza na wakubwa wa dunia, nchi yake ilikuwa inabomolewa. Katika kisiwa cha Tanna kuna nyumba za kienyeji za kujikinga na tufani, fupi, zilizojengwa karibu na ardhi ili upepo usipate pa kushika. Watu walijificha humo. Kwa tufani ya nguvu ile, waliokufa walikuwa wachache kuliko ilivyohofiwa.

Hapo ndipo wakubwa wanapofunga daftari na kusema: mnaona? Wenyeji wanajua kujisaidia.

Lakini ngoja tuendelee na hesabu. Tufani hiyo moja iliiletea Vanuatu hasara ya dola milioni 449 hivi. Hizo ni sawa na asilimia 64 ya pato lote la nchi kwa mwaka. Nyumba ya kujikinga iliokoa watoto, lakini haikuokoa shule, zahanati, barabara wala migomba. Maarifa yaliwavusha usiku ule. Asubuhi walihitaji pesa, kama mtu mwingine yeyote ambaye nyumba yake imeanguka.

Na kuna hasara ambayo hata maarifa yenyewe hayawezi kuishi ndani yake. Tuvalu ni nchi ya visiwa 9 vyenye watu kama 11,000, na mahali pake pa juu kabisa hapafiki mita 5 kutoka usawa wa bahari. Tangu zamani wenyeji huchimba mashimo makubwa mpaka wafikie maji matamu yaliyo chini ya mchanga, na humo hupanda pulaka, aina ya gimbi kubwa. Ni kilimo cha akili sana kwenye ardhi ambayo karibu yote ni mchanga na matumbawe. Sasa bahari inapopanda, maji ya chumvi yanaingia ndani ya mashimo na mizizi inaoza. Mzee anajua kila kitu kuhusu pulaka, lakini hana mahali pa kupanda. Akifa, anazikwa na ujuzi wake, maana mjukuu hakupata shimo la kujifunzia. Kwa hiyo anayesema "tuyalinde maarifa ya wenyeji" huku hataki kulipia ulinzi wa ardhi, anasifu maji huku akivunja mtungi.

Nani basi anapaswa kulipa? Visiwa hivi karibu havichangii kitu katika moshi unaoipasha dunia joto. Swali hili waliliuliza mapema sana. Mwaka 1991 Vanuatu, kwa niaba ya umoja wa nchi ndogo za visiwa, ilipendekeza uwepo mpango wa kuwafidia watakaoharibiwa na kupanda kwa bahari. Jibu lilikuja lini? Mwaka 2022, katika mkutano wa COP27 uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, ndipo nchi zilipokubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu. Miaka 31! Mtoto aliyezaliwa siku pendekezo lilipotolewa, alikuwa tayari mzazi mfuko ulipokubaliwa.

Mwaka uliofuata, huko Dubai, ahadi za kwanza zilifika karibu dola milioni 700. Kwa masikio yetu ni pesa nyingi. Lakini linganisha na ile hasara ya Vanuatu: tufani moja, katika nchi moja ndogo, ilikula kiasi kinachokaribia theluthi mbili ya kile ambacho dunia iliahidi kwa nchi zote zinazoendelea. Kisha mwaka 2024, Baku, nchi tajiri zikakubali kuongoza juhudi za kufikisha dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, wakati nchi zinazoendelea zilikuwa zimeomba ifikie bilioni 1,300. Wajumbe wa visiwa vidogo na wa nchi maskini zaidi walitoka nje ya kikao kwa hasira. Kongo yetu imo katika kundi hilo la nchi maskini zaidi, kwa hiyo hasira ile ilikuwa yetu pia.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Nchi nyingi za visiwa zinanyimwa mikopo nafuu kwa sababu, ukigawanya pato lao kwa idadi ya watu, zinaonekana si maskini sana. Hoteli chache za watalii zinatosha kupandisha hesabu. Tufani inakuja, hoteli zinaanguka, na nchi inakwenda kukopa kwa riba ya matajiri ili ijenge upya. Kabla haijamaliza kulipa, tufani nyingine imefika. Agosti 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kipimo kipya kinachoangalia udhaifu wa nchi na si pato peke yake. Ni hatua nzuri, lakini kipimo hakina maana kama benki haziendi kukitumia.

Najua mtakachosema, maana mimi mwenyewe ninaishi Kongo: "Pesa zikitumwa, wakubwa watazikula." Siwezi kubisha sana. Sote tumeona ubao wa mradi umesimamishwa kando ya barabara na mradi wenyewe haukuonekana. Lakini dawa ya wizi siyo kumnyima aliyeibiwa. Dawa ni kuzipeleka pesa karibu na watu wanaojua kazi, mbele ya macho ya kijiji kizima.

Na mfano upo. Katika nchi ya Fiji kuna kijiji cha Vunidogoloa. Bahari ilikuwa inaingia majumbani, ukuta wa kuzuia maji ukashindwa, na mwaka 2006 wenyeji wakaiomba serikali msaada wa kuhama. Walihama mwaka 2014, nyumba 30, kama kilomita 2 kutoka ufukweni. Serikali na wafadhili walitoa pesa. Wanakijiji walitoa miti ya kujengea kutoka msitu wao. Jambo kubwa zaidi ni ardhi: walihamia sehemu ya juu ya ardhi ya ukoo wao wenyewe, kwa hiyo hakuna aliyewaita wageni. Mahali papya walipaita Kenani, yaani Kanaani. Haikuwa rahisi, na miaka 8 ya kungoja ni mingi mno. Lakini ujuzi wa wenyeji na pesa za nje vilikutana mahali pamoja, na kijiji kikabaki kijiji.

Linganisha na njia nyingine iliyofunguliwa. Kwa mkataba wa Tuvalu na Australia, watu 280 wa Tuvalu wanaweza kuhamia Australia kila mwaka. Mwaka 2025, mara ya kwanza nafasi hizo zilipofunguliwa, zaidi ya theluthi moja ya wananchi walijiandikisha kwenye bahati nasibu hiyo. Siwalaumu hata kidogo. Mzazi anayeona maji yanakuja hutafuta mlango. Lakini mlango wa kutokea usihesabiwe kama malipo ya nyumba.

Julai 23, 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye ilitoa maoni yake. Jambo hilo lilianzishwa mwaka 2019 na wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki, serikali ya Vanuatu ikalibeba mpaka Umoja wa Mataifa. Majaji wote kwa pamoja walisema kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda hali ya hewa, na kwamba nchi inayovunja wajibu huo inaweza kudaiwa fidia. Maoni hayo hayamlazimishi mtu kama hukumu. Lakini tangu siku ile, anayeomba pesa hizi hasimami tena kama ombaomba. Anasimama kama mdai.

Basi ninaomba mambo matatu. Kwanza, pesa za hasara ziwe msaada usiorudishwa, si mkopo. Aprili 2025 wasimamizi wa ule mfuko, wakikutana Barbados, walikubali kuanza na dola milioni 250, na angalau nusu yake kwa visiwa vidogo na nchi maskini zaidi. Ni mwanzo, lakini ni kikombe kimoja mbele ya nyumba inayowaka. Pili, kanuni za mfuko huo zinataja ruzuku ndogo kwa ajili ya jamii zenyewe. Maneno hayo yasibaki kwenye karatasi: kijiji kiweze kueleza shida yake kwa lugha yake, bila kumkodisha mtaalamu wa kuandika kurasa mia mbili. Tatu, mzee anayejua wapi maji hufika awekwe kwenye meza ya kuamua, na si kuitwa siku ya kufungua mradi ili acheze ngoma na kupigwa picha.

Mtu atauliza, Tuvalu na Kalemie wapi na wapi? Jibu ni kwamba tunasubiri mbele ya dirisha moja. Mfuko unaongojwa na Tuvalu ndio unaongojwa na watu wa Kalehe waliopoteza zaidi ya jamaa 400 kwa mafuriko ya Mei 2023, na ndio unaongojwa na sisi wa kando ya Tanganyika. Visiwa vikifanikiwa kuweka sheria kwamba pesa zifike haraka, zifike kijijini na zisiwe deni, sheria hiyo itatufaa na sisi. Wakishindwa, nasi tutaambiwa vilevile: nyinyi mna hekima ya mababu, mtajua la kufanya.

Yule mzee jirani yangu bado anavua. Nyumba yake ya zamani imebaki kuta mbili, na siku ziwa likitulia unaziona. Anajua mahali pa kujenga. Amenionyesha kwa kidole, kule juu kwenye mteremko. Anachokosa ni kiwanja.

Haya ni maoni yangu. Nanyi mnaoishi kando ya maji, mnasemaje?