Barza ya Mwalimu: Msizitupe Karatasi



Macho yamechoka, basi nimerudi darasani kwa masikio. Mjukuu wangu kanifungulia katika simu mazungumzo ya New Books Network, yaliyoanzishwa na mwanahistoria Marshall Poe mwaka 2007. Mtungaji huulizwa juu ya kitabu chake, nami husikiliza huku nikichagua mchele. Ni kama chuoni: kwanza unamsikia mwalimu, kitabu baadaye.

Kwa kusikiliza huku nikafikia kukiazima maktaba kitabu cha Thomas McDow, Buying Time, cha mwaka 2018. Kinatumia hati za madeni za karne ya 19 zilizohifadhiwa Zanzibar, kikaonyesha watu walivyotoka Oman, wakaingia bara kwa mali ya mkopo.

Nilishtuka. Kasha la marehemu babu lina karatasi za namna hiyo, nami nilikwisha kuzifunga nizitupe! Nimezifungua upya, nasoma mstari mmoja mmoja.

Basi kabla hamjasafisha makasha yenu, niiteni. Nanyi vijana, sikilizeni, kisha someni. Kusikia ni kubisha hodi tu.

Wasalaam,
Mwalimu wenu