Neno la Mhariri: Padre Aitwe Mapema

Kwenye misiba ya Singida, iwe Iramba, Manyoni au mjini kabisa, lipo swali linalonong'onwa kabla hata kaburi halijachimbwa: huyu atazikwa na kanisa? Huulizwa pale marehemu alipokuwa hajulikani jumuiyani, alipoishi na mke wa pili, au alipotengwa na usharika akafa bila kurudi kundini. Kisha mtu wa ndani anasema, "Juzi aliomba aletewe padre." Wengine wanashukuru. Wengine wanaguna: ale raha zake zote, halafu mbinguni tulingane?

Wanaoguna wana wenzao katika Mathayo 20. Vibarua walioanza kazi alfajiri walinung'unika walipoona walioajiriwa saa kumi na moja jioni wakipewa dinari ileile. Mkulima wa alizeti wa Mkalama akilipa hivyo, msimu ujao hapati mtu wa kumvunia.

Hata hivyo, Kanisa lilikwisha kuamua jambo hili zamani. Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, uliagiza anayekufa asinyimwe Komunyo ya mwisho. Mwaka 428 Papa Selestino wa Kwanza aliwakemea maaskofu wa kusini mwa Ufaransa ya leo kwa sababu huko watu walinyimwa toba wakiwa kitandani. Walutheri, wenye mizizi mirefu Iramba, wanalo Ungamo la Augsburg la 1530: kifungu cha 12 kinasema aliyeanguka baada ya ubatizo anaweza kusamehewa wakati wowote atakaotubu. Walokole wanaoongoza sala ya toba wodini humtaja mhalifu wa Luka 23, aliyeahidiwa paradiso akiwa bado msalabani.

Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983 ni pana kuliko ndimi za msibani. Kwa aliye katika hatari ya kufa, padre yeyote anaweza kumwondolea dhambi, hata asiye na kibali cha kuungamisha. Dharura ikizidi, muuguzi Mwislamu mwenye nia sahihi anaweza kumbatiza mgonjwa anayeomba. Na kanuni ya 1184, inayowanyima baadhi ya watu maziko ya kanisa, haiwagusi walioonyesha dalili ya toba kabla ya kufa. Kudaiwa michango ya jumuiya hakumo humo, wenyeviti wetu watusamehe.

Kwa hiyo lawama inamwangukia asiyestahili. Anayepaswa kuulizwa ni ndugu aliyezuia padre asiitwe "mgonjwa asije akakata tamaa". Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1963 kwamba mpako wa wagonjwa si wa wanaokata roho peke yao. Mwaka 1972, mwaka uleule Jimbo la Singida lilipoundwa, Papa Paulo wa Sita alitoa utaratibu mpya: mafuta hupakwa kwenye paji la uso na mikononi, kwa mgonjwa yeyote aliye katika hali ya hatari. Bado familia nyingi humwona padre kama mleta taarifa ya kifo, wakamwita wakati mgonjwa hajitambui tena.

Angeitwa wiki ya kwanza, mgonjwa angekuwa na sauti ya kutaja shamba alilompora mdogo wake, na kuagiza lirudishwe mbele ya mashahidi. Akiitwa dakika ya mwisho, mafuta atapakwa, lakini shamba litabaki kwa wanawe na mgogoro utahamia baraza la kata.