Vifo vya kambale: Maji yaulizwe kabla ya jirani

Kambale wanapoanza kufa katika tangi nyuma ya nyumba, swali la kwanza mara nyingi si "maji yakoje?" bali "nani amefanya hivi?" Mfugaji wa Katumba Songwe, wilayani Kyela, anaamka alfajiri na kukuta samaki sita wanaelea matumbo juu. Hawana kidonda wala alama, na jana jioni walikula vizuri tu. Kesho yake wanakufa kumi. Kwa kuwa kambale anasifika kuwa samaki sugu, anayeishi hata kwenye tope la mto uliokauka, inaonekana hakuna maelezo mengine ila mkono wa mtu. Ujirani unaingia doa, na tangi linaendelea kuua.

Sifa hiyo ya usugu ndiyo chanzo cha hasara nyingi. Ni kweli kwamba kambale ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana sokoni huonekana akihema saa nyingi ndani ya karai lisilo na maji ya kutosha. Lakini kiungo hicho humwokoa na upungufu wa hewa tu, si na sumu iliyomo ndani ya maji. Isitoshe, hazaliwi nacho. Waswahili husema nyumba ya kambale baba ana ndevu na mtoto ana ndevu, na ni kweli kwa ndevu, lakini kifaranga wa siku chache hana kiungo cha baba yake. Huanza kumkulia akiwa na umri wa wiki mbili hadi tatu, na kabla ya hapo hutegemea matamvua peke yake. Anayenunua vifaranga wadogo mno kwa sababu ni rahisi anaponunua samaki wasio na usugu huo, asishangae wakiisha ndani ya siku mbili.

Sumu inayoua zaidi katika matangi ya nyumbani haimwagwi na mtu. Inatoka kwa samaki wenyewe. Chakula chenye protini kikishaliwa, samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kinachobaki chini kikioza huongeza nyingine. Kilo moja ya chakula kizuri cha samaki huzalisha takriban gramu 30 za amonia. Katika bwawa kubwa la udongo kiasi hicho hupotea bila madhara, lakini katika tangi la lita 1,000 ni miligramu 30 kwa kila lita. Mfugaji anayemwaga usipa na pumba hadi samaki wakatae, akidhani anawanenepesha, anajaza sumu kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo ndipo tangi jipya la saruji linapokuwa hatari kuliko yote. Katika maji yenye pH ya 7 na joto la nyuzi 25, chini ya sehemu moja kati ya mia ya amonia hiyo ndiyo huwa katika hali inayoua. Maji yakifika pH ya 9, zaidi ya theluthi moja hugeuka kuwa sumu kali. Saruji mbichi hutoa chokaa, na chokaa hupandisha pH. Joto la Kyela nalo huongeza nguvu ya sumu hiyo. Kwa hiyo samaki walewale, chakula kilekile, wanaishi vizuri kwenye bwawa la udongo la jirani na kufa kwenye tangi jipya la saruji. Ni rahisi kuona kwa nini mwenye tangi anamshuku mwenye bwawa.

Wanaofuga samaki ndani ya vioo sebuleni huko Ulaya na Marekani wanalijua tatizo hili vizuri, na baadhi yao wanafuga samaki wa Ziwa Nyasa hilihili, wakiwamo gogogo wenye madoadoa. Wanalijua kama ugonjwa wa tangi jipya, ingawa si ugonjwa. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, ila huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Kabla ya hapo tangi halina wa kulisafisha. Ndiyo maana mfugaji mzoefu huanza na samaki wachache na chakula kidogo, na samaki mmoja akifa hupima maji kabla hajagusa dawa.

Kwetu hufanywa kinyume. Wa kwanza kukimbiliwa ni muuza dawa za mifugo, na unga wa kutibu kuku unaishia ndani ya maji. Dawa hiyo inaweza kuua bakteria walewale waliokuwa wakilisafisha tangi, amonia ikapanda zaidi. Kambale hana magamba, hivyo kemikali zinampata upesi kuliko sato. Muuzaji anayetoa dawa bila kuuliza tangi lina umri gani, lina samaki wangapi na maji yalibadilishwa lini, anauza kwa kubahatisha.

Maswali hayo hayahitaji maabara. Vifo vikianza, chakula kisimamishwe siku moja au mbili na theluthi ya maji ibadilishwe. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwanza siku nzima, kwa sababu klorini nayo huunguza matamvua. Samaki aliyekufa punde afunuliwe matamvua: yakiwa ya rangi ya kahawia badala ya nyekundu, nitriti imezidi majini. Idadi ikipungua bila mizoga kuonekana, kwanza watazamwe kambale wakubwa waliomo, kwani hula wadogo zao bila haya na wanapaswa kutengwa kwa ukubwa. Ndoo nayo iulizwe. Kyela ni wilaya ya kakao, na ndoo iliyochanganyiwa mrututu wa kupulizia shambani haifai kuchota maji ya samaki hata ikisuuzwa mara tatu.

Magonjwa ya kweli yapo. Mwaka 2007 ilithibitishwa kwamba samaki wa mito ya Chobe na Zambezi, kambale wakiwamo, walikuwa wameshambuliwa na ugonjwa wa vidonda unaosababishwa na vimelea mfano wa ukungu. Samaki wakionekana na madonda mekundu yanayochimba mwili, kutafuta sababu nyumbani kunatosha, na ofisa uvuvi aitwe mara moja. Mizoga izikwe, isitupwe mtoni, kwa sababu Mto Songwe unaelekea ziwani.

Lakini ofisa huyo akija mikono mitupu atafanya nini? Amonia inayoua samaki haisikiki puani wala haionekani kwa macho. Halmashauri inayohimiza wananchi kufuga samaki ingeanza kwa kuwapa wataalamu wake vifaa vya kupimia pH na amonia, ambavyo hubebeka mfukoni. Vikundi vya wafugaji navyo vinaweza kuchangishana kununua kisanduku kimoja na kukizungusha nyumba kwa nyumba. Watasema ni gharama, na ni kweli, lakini gharama hiyo ilinganishwe na vifaranga mia tano waliokufa. Wauzaji wa vifaranga wana lao pia: mteja aambiwe umri wa samaki na chakula walichozoea, na aelekezwe kuuelea mfuko juu ya maji ya tangi kwa nusu saa kabla ya kuufungua, hasa mzigo unapotoka kwenye baridi ya Tukuyu kushuka Kyela.

Kwa anayejenga tangi sasa, lijazwe maji, likae wiki nzima, maji yamwagwe, na kazi hiyo irudiwe mara mbili au tatu kabla ya kifaranga wa kwanza kuingia. Lijengwe mahali pa juu, maana Songwe ikifurika wakati wa masika, maji ya majaruba ya mpunga na dawa zake hayaulizi mlango.