Hiyo Simu ni Yako Peke Yako?
Kutoka Ruiru kwenda kumwona mshauri nasaha Thika ni nauli, na mwenye shida zaidi ndiye hana. Ndiyo maana tunaunga mkono ushauri wa kwa simu. 1199 ya Msalaba Mwekundu, 116 ya watoto na 1195 ya waliodhulumiwa kijinsia ni bure, hata kwa kabambe isiyo na kredo.

Shida ni kwamba kwa ploti nyingi simu moja ni ya mama, baba na watoto. SMS ya mshauri ikisomwa na yule anayekupiga, umeongezewa hatari. Tunaona mshauri angeuliza kwanza: simu ni ya nani? Nawe ukimaliza kuongea, futa namba. Akiitisha PIN, kata. Huyo si mshauri.