Cha Bure Muscat Si Bure Tanga

Leo sizungumzii kutuma pesa. Nazungumzia kutuma sofa.

Mwezi uliopita mama yangu mdogo alinipigia simu usiku, baada ya kumaliza vyombo. Amefanya kazi za nyumbani hapa Muscat miaka tisa na mkataba wake unaisha, anarudi moja kwa moja. Alikuwa na furaha. "Mwanangu, madam ananunua sofa jipya. Hili la zamani kaniambia nichukue, bure kabisa. Nitafutie ajenti wa kago anipelekee Tanga."

Mimi ni mhasibu, kutwa nzima naangalia ankara za watu. Nikamuuliza, "Mama, hilo sofa lina urefu gani?" Akacheka. "Kwani nataka kulivaa?"

Ndugu zangu, urefu ndio bei. Hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Tunauliza kitu kilinunuliwa kwa shilingi ngapi, au tunafurahi kwamba tumepewa, halafu tunasahau kwamba meli haijali kama ulinunua au ulipewa. Meli inauza nafasi. Sofa la bure na sofa la riali 500 vikiwa na ukubwa mmoja, nauli ni ileile.

Haya, tupige hesabu. Kago ya baharini ya kuchangia kontena hulipiwa kwa CBM, yaani mita moja ya ujazo: urefu wa mita moja, upana mita moja, kimo mita moja. Ijumaa nilikwenda na futi kamba. Sofa kubwa lina urefu wa sentimita 210, upana 95, kimo 90. Zidisha: 2.10 mara 0.95 mara 0.90, unapata karibu CBM 1.8. Viti viwili vya pembeni, kila kimoja 100 kwa 95 kwa 90, ni karibu 0.85. Jumla seti nzima ni CBM 3.5.

Bei hubadilika kwa ajenti na kwa msimu, kwa hiyo chukua hii kama mfano: tuseme riali 40 kwa CBM moja. Nauli ya sofa peke yake ni riali 140. Weka riali 10 za kufunga kwa plastiki na maboksi. Weka 35 za upande wa pili, yaani hati, wakala wa forodha na kutoa mzigo bandarini. Mzigo wenyewe unashukia Dar, na Dar hadi Tanga ni kama kilomita 350, kwa hiyo weka 25 za lori na wabebaji. Jumla ni riali 210. Kwa dola ni kama 546.

Mshahara wa mama mdogo ni riali 90. Sofa la bure ni kazi ya miezi miwili na zaidi. Nikampigia fundi mmoja wa Tanga kumuuliza seti mpya ya mbao ngumu, kitambaa nachagua mwenyewe. Bei aliyotaja ilikuwa chini ya riali 180. Mpya, na hela imebaki kwa fundi wa mtaani kwetu.

Na hapo nimehesabu kama forodha wamekusamehe ushuru. Wasipokusamehe je?

Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ile wanayoitumia Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, inampa msamaha mtu anayehamisha makazi. Nguo zako na vitu vya nyumbani ulivyokuwa unavitumia kule ulikokuwa unaishi, huvilipii ushuru. Lakini msamaha huo una masharti. Vitu viwe vyako, viwe vimetumika, visionekane kama vya kuuza, na vifike ndani ya siku 90 tangu wewe mwenyewe uingie nchini. Siku hizo unaweza kuomba kuongezewa, lakini ni kuomba, si haki ya moja kwa moja. Televisheni mpya tatu ndani ya maboksi yake huwezi kusema ni za matumizi yako sebuleni.

Shida yetu ni kwamba wengi tunatanguliza mzigo. Binti wa shangazi yangu alifanya hivyo. Alipeleka vitu miezi minne kabla ya kurudi, kwa jina la kaka yake, ili akifika akute nyumba imepangwa. Forodha wakamwona kaka mtu aliyekaa Tanzania maisha yake yote, anapokea vyombo vya ndani kutoka Oman. Huyo hajahama popote, kwa hiyo ni mwagizaji wa bidhaa kama mwagizaji mwingine. Wakataka ushuru. Kaka hakuwa na hela, akahangaika kukopa, na huku siku za bure za bandarini zimekwisha na tozo ya stoo inaongezeka kila siku. Ajenti aliyekuwa akijibu simu mara mbili kwa siku wakati wa kuchukua mzigo akawa hapatikani. Mwisho dada alilipa kwa akiba aliyoiweka ya kufungua duka. Vitu alivipata. Duka hakufungua.

Angalia ushuru unavyopigwa, maana wengi hawajui. Forodha hawatozi bei ya kitu peke yake. Wanachukua thamani ya kitu, wanajumlisha nauli na bima, ndipo wanapiga asilimia. Na ukisema "nilipewa bure" hawataandika sifuri, watakadiria. Tuseme wamelikadiria sofa la mama mdogo riali 100. Jumlisha nauli 140, ni 240. Ushuru wa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25, na zipo zinazofika 35, samani zikiwemo. Kwa 35 ni riali 84. Sasa VAT ya Tanzania, asilimia 18, inapigwa juu ya 240 pamoja na ule ushuru, yaani 324. Hiyo ni kama riali 58. Jumla ni 142, bado tozo ndogondogo. Kwa Kenya VAT ni asilimia 16, hesabu ni ileile. Sofa la bure sasa limefika riali 352. Karibu miezi minne ya kuamka alfajiri.

Kwa hiyo maoni yangu nayasema wazi, na najua wengine mtakasirika: vitu vingi tunavyosafirisha kutoka Uarabuni havistahili nauli. Tunavibeba kwa sababu tunaogopa kurudi mikono mitupu. Tunaogopa jirani atasema, miaka tisa Oman na hana hata kabati. Nauli ya ule mzigo ni bei ya kumnyamazisha jirani, na jirani mwenyewe hanyamazi.

Sisemi usibebe kitu. Nasema kila kitu kipite kwenye hesabu moja. Andika kwenye karatasi: hapa ningekiuza shilingi ngapi? Kukifunga, kukisafirisha, kukitoa bandarini na kukifikisha mlangoni ni ngapi? Jumlisha vyote. Kisha uliza nyumbani bei ya kitu kama hicho, kipya au kilichotumika. Usikisie. Mtume mdogo wako dukani apige picha ya bei. Kama kukileta ni ghali kuliko kukinunua kule, kiuze hapa, tuma hela. Hela haivunjiki njiani na haikai stoo.

Ukipiga hesabu hiyo utaona vitu vinajigawa vyenyewe. Kitu chenye hewa nyingi ndani yake, kama sofa, kabati, kitanda au meza, mara nyingi kinakula hasara. Kitu kidogo chenye thamani kinalipa. Kaka zangu wa ujenzi, nyinyi ndio mnaofaidi hapa. Drili, grenda, mashine ya kuchomelea, pima maji, seti ya spana, vyote vinaingia kwenye boksi la 60 kwa 50 kwa 50. Hilo ni CBM 0.15 tu, kwa bei yetu ya mfano ni riali 6. Ajenti wengi wana kiwango cha chini cha malipo, basi changeni watatu wanne mfikishe kiwango, ila kila mtu awe na orodha yake. Na vifaa vya kazi vinakuingizia hela wiki ya kwanza ukifika, sofa haliingizi kitu. Wale wa Saudia tu waangalie jambo moja: umeme wa huko ni wa hezi 60, wa kwetu ni hezi 50. Soma kibandiko nyuma ya mashine. Kama haikuandikwa 50/60, fikiri mara mbili. Wa Oman, Dubai, Qatar na Kuwait umeme wenu ni hezi 50 kama wa nyumbani.

Kuna wanaosema, basi nitatuma kwa ndege, ni haraka. Ndege nayo ina ujanja wake. Wanapima kilo na ukubwa, wanakutoza kile kilicho kikubwa. Boksi la 60 kwa 60 kwa 60, zidisha utapata 216,000, gawanya kwa 6,000 kama ilivyo kawaida ya kago ya ndege, ni kilo 36. Umejaza mablanketi ya kilo 15? Unalipa 36. Vitu vyepesi vyenye kuvimba usivipeleke kwa ndege.

Na ukisikia neno "mlango kwa mlango", uliza maswali kabla ya kutoa hata baisa moja. Bei hiyo ina ushuru ndani au haina? Ina tozo za bandarini? Mlango ni wa nyumba yangu au wa godauni lenu Dar? Mzigo ukikaa stoo kwa uzembe wenu nani analipa? Kuna bima, na ikitokea mali imeharibika inalipa kiasi gani? Hati ya mzigo itaandikwa jina langu? Majibu uyapate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Kumbuka pia makontena ya Muscat siku hizi hayaondokei Muscat. Tangu 2014 kazi ya kontena ilihamishiwa Sohar, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, kwa hiyo boksi lako linapanda lori kwanza. Uliza kama safari hiyo imo ndani ya bei.

Jambo la mwisho kwenye hesabu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: usilipie kago kwa mshahara wako wa mwisho. Ukishapanda ndege hakuna tarehe moja ya mwezi inayokusubiri. Tenga kwanza hela ya kula na kodi ya miezi mitatu, minne ukiweza. Kinachobaki ndicho unaweza kukiuliza kinatosha mzigo gani. Wengi tunafanya kinyume: mzigo kwanza, kisha tunafika nyumbani tumekaa juu ya sofa zuri, tunakopa unga dukani.

Nilimpelekea mama mdogo karatasi yangu, nimeandika kila mstari. Akaisoma polepole. Akasema, "Umehesabu vizuri. Lakini hukuhesabu kwamba nimelifuta vumbi hilo sofa miaka tisa na sikuwahi kulikalia."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Namba zangu hazina safu ya kuandika jambo kama hilo. Nilimwambia tu kwamba kama anataka kulikalia, alikalie, ila ajue ni riali 210, na ni zake, aamue yeye. Siku mbili baadaye akanipigia. Aliamua kubeba maboksi mawili: cherehani yake, masufuria makubwa mawili ya kupikia shughuli, na vikombe vya kahawa alivyopewa na bibi wa nyumba ile kabla hajafariki. Vikombe havina hesabu yoyote, na sikumuuliza. Kila mtu abebe kitu kimoja cha moyo. Ila kiwe kimoja, na kiingie kwenye boksi.

Sofa kaliacha. Riali 210 zimekaa kwenye akaunti yake, na fundi wa Tanga keshatumiwa picha. Anataka la kijani.

Basi ndugu yangu, bosi akikwambia "chukua, bure", mshukuru kwa dhati, maana si wote wanaotoa. Kisha kabla hujasema ndiyo, kanunue futi kamba. Ni baisa mia chache.